Waya Mmoja, Nyumba Tatu

Kila Jumamosi, saa saba na nusu mchana, Kalinga alivaa viatu kwenda kumsikia binti yake. Viatu vyenyewe vilikuwa jozi moja, vya kanisani, na safari ilikuwa ya hatua themanini tu, kuvuka barabara ya Tunduma mpaka nyumbani kwa Mwenyekiti Joachim. Lakini sebule ya Joachim ilikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na mke wake, Mama Ande, alikuwa na macho yanayotazama miguu ya mtu kabla ya uso. Ukiingia pale na makubadhi ya tairi hukuambiwa neno. Ulitandikiwa gunia.

Simu ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha maua kama mkate. Nguzo za simu zilipofika Mbalizi mkutano uliitishwa, wananchi wakaambiwa kwamba tawi la chama limepewa simu mbili kwa faida ya wote: moja ofisini, moja nyumbani kwa Mwenyekiti kwa ajili ya dharura. Ya ofisini ilifungiwa siku ileile, na kofuli lake Kalinga hajaliona likifunguliwa ila wageni wakubwa wakija. Kwa hiyo faida ya wote ikawa pale sebuleni, chini ya kitambaa. Kalinga alikuwa seremala. Meza ile aliichonga yeye, akalipwa kwa makofi ya mkutano, na sasa akija kusikiliza simu alionyeshwa kigoda cha jikoni, karibu na mlango.

Saa nane kamili kengele ililia mlio mmoja mrefu. Joachim aliinua mkonga.

“Ooo, Lusia mwanangu,” alisema, akajiegemeza kwenye kiti.

Lusia alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali huko Iringa, amepanga chumba Kihesa, na Jumamosi wakubwa wake wakiondoka alibaki na simu yao. Joachim alimuuliza habari za kazi, habari za bei ya mahindi, habari za baridi. Alicheka mpaka tumbo likatikisika. Kalinga alikaa na mikono juu ya magoti, akimsikiliza mwanamume mwingine akichekea maneno ya mtoto wake, bila yeye kujua maneno yenyewe yalikuwa nini. Kisha Mama Ande alichukua mkonga, naye akasalimiwa kwa Kinyakyusa, maana Lusia alikuwa amejifunza kusema “ugonile” kama mtu aliyezaliwa Tukuyu. Mkonga ulipomfikia baba mtu, ulikuwa umebaki na moto wa masikio ya wenzake na maneno mawili matatu.

“Kamwene, baba. Hujambo? Mengine Mama Ande atakueleza.”

Kalinga alipouweka mkonga chini, Mama Ande aliufuta kwa pindo la khanga. Hakuufuta kwa ubaya. Aliufuta kama mtu anavyofuta kikombe.

Mkewe Kalinga alikuwa amekufa miaka minne nyuma, katika zahanati iliyokuwa na mabango ya afya mengi kuliko dawa. Tangu hapo hakuwa na kitu cha kuita chake ila sauti ile ya Jumamosi, nayo ilimfikia imepita mikono miwili, kama kuku wa mgeni anayefika kwa mwenyewe imebaki shingo.

*

Mwezi wa nane Joachim alibadilika.

Kengele ililia mlio mmoja mrefu, akainua, akasema “Halo,” akasikiliza. Uso wake ukageuka. Aliuweka mkonga juu ya meza taratibu, kama mtu aliyeshika kijinga cha moto na hataki watu wajue kwamba kimemuunguza, akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mama Ande akauchukua mkonga haraka, akaendelea yeye.

Jumamosi ya pili Joachim alifanya vilevile. Ya tatu alikuwa nje kabla kengele haijalia, ameketi kwenye ngazi za ofisi ya tawi, kofia magotini, anatazama magari yanayokwenda Zambia.

“Mwenyekiti anaumwa?” Kalinga aliuliza.

“Haumwi. Ana kazi zake.”

“Kazi ya kukaa kwenye ngazi?”

Mama Ande akatazama kucha zake. “Baba Lusia, wewe zungumza na mtoto. Dakika zinakwenda.”

Siku ile Kalinga hakula. Mwanzo alichukia kwamba mtu yule anazungumza na Lusia mno. Sasa mtu yule alikuwa amekataa hata kumsalimu, na kifua kilimuwaka zaidi. Wivu ndivyo ulivyo, ukiunyima unakula, ukiupa unakula. Alijiambia kwamba cheo kimempanda Joachim kichwani, kwamba wakubwa wa Mbeya wamemfundisha kuchagua sauti za kusikiliza, na sauti ya binti wa seremala Mhehe haimo. Kama ni hivyo, sebule yake abaki nayo. Kalinga atavuta simu nyumbani kwake, awe wa kwanza kumsikia mwanawe, akiwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo.

*

Katika ofisi ya simu mjini Mbeya alisimama asubuhi nzima mbele ya dirisha. Karani alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na zote tatu zilikuwa za rangi moja.

“Waya upo, ndugu,” alisema. “Ule uliokwenda kwa mwenyekiti wenu unabeba nyumba mbili, ya tatu inaweza kuingia. Ila chombo hatuna.”

“Mpaka lini?”

“Andika jina. Aliye juu yako kwenye orodha amekwisha kufa, na bado hajapata.”

“Na kama nitapata chombo changu mwenyewe?”

Karani alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kuja na mvua yake mwenyewe. Akamweleza kwamba chombo kisichotoka stoo yao hawakitambui, kikiharibika hawakigusi, na hata huo waya hawezi kuunganishiwa mpaka alete barua ya mwenyekiti wa tawi.

“Ya nani?”

“Ya mwenyekiti wa tawi. Yenye muhuri.”

Kalinga alitoka akacheka peke yake barabarani, kicheko kisicho na furaha. Wakubwa hawa, hata ukitaka kumkimbia mmoja wao, lazima akusainie ruhusa ya kukimbia.

Chombo alikipata kwa Bwana Nazir. Nazir alikuwa na duka la vitambaa mjini; nyumba yake ilikuwa imekwisha chukuliwa na serikali, na sasa yeye na mkewe Zehra walikuwa wanafunga mizigo kwenda kwa ndugu zao ng'ambo. Kalinga aliwatengenezea makasha kumi na mawili. Siku ya malipo Nazir alimwonyesha simu nyeusi, nzito, inayong'aa, yenye gurudumu la namba usoni.

“Chukua hii, fundi. Mimi ninakokwenda watanipa nyingine.”

Zehra, aliyekuwa anafunga sufuria kwa magazeti, alisema bila kuinua kichwa kwamba amwambie fundi ukweli, ile ni simu ya mjini. Nazir akasema simu ni simu. Kalinga akaiona sura yake katika weusi wa kile chombo, akaamini hilo la pili.

Ilibaki barua. Alivaa viatu siku isiyokuwa Jumamosi, akaenda akiwa amejiandaa kunyimwa. Alikuwa na maneno yake tayari, makali, ameyanoa njia nzima. Joachim hakumpa nafasi ya kuyatumia. Aliandika kabla Kalinga hajamaliza kueleza, akagonga muhuri mara mbili, juu na chini.

“Ningekuwa na uwezo, Baba Lusia, ungeunganishiwa leo,” alisema. “Ni vizuri mtoto azungumze na baba yake kwa baba yake.”

Kalinga aliipokea barua kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka. Lakini alichosikia yeye ni hiki: tuondoleeni kelele zenu sebuleni.

*

Fundi wa simu alikuja baada ya wiki tatu, kwa baiskeli, na koili ya waya begani. Aliitwa Nyanda, Msukuma mrefu aliyekuwa akizungumza polepole. Alipoiona simu ya Nazir juu ya kabati la Kalinga, juu ya kitambaa kipya, alikaa chini kwanza.

“Baba,” alisema, “umeuziwa ng'ombe mzuri sana. Ila hana chuchu.”

Kalinga alikuwa amezizungusha namba zile siku nzima kabla hata waya haujafika, kujizoeza. Nyanda akamweleza bila kumcheka. Simu za mjini hulishwa umeme kutoka ofisini. Huku kwenye waya mrefu wa barabarani kila simu hujilisha yenyewe: inataka betri zake ndani ya nyumba, na inataka mkono wa kuzungusha ili kengele ilie kwa opereta. Hii haina mkono wala mahali pa betri.

“Karani hakukwambia?”

“Aliniambia hawaitambui.”

“Basi alisema kweli kwa bahati mbaya.”

Fundi mwingine angepanda baiskeli yake akaenda. Nyanda aliufungua ule mdomo na lile sikio la mkonga, akavikuna kwa bisibisi, akasema hivi ni vizima. Nyuma ya ofisi yao kulikuwa na lundo la simu zilizovunjika, zimeandikwa kuwa zimetupwa. Mkono wa kuzungusha angeutoa humo, kama Kalinga angechonga sanduku la kuutia, na kama kule kwao Nyanda angepata kitanda chenye ubao wa kichwani. Walipeana mikono. Kalinga alichonga sanduku la mninga kwa siku mbili, na kile kitanda kwa wiki moja.

Betri zilikuwa kazi nyingine. Mbalizi hakukuwa nazo, mjini hakukuwa nazo. Maduka yalikuwa na sabuni ya mche na maneno matamu. Mwishowe Kalinga aliifungua redio yake, akatoa mawe yote manne, akayafunga kwa utepe yakawa mkungu mmoja. Kuanzia jioni hiyo nyumba yake haikuwa tena na taarifa ya habari. Hakujuta. Ilikuwa ikimwambia kila siku kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Nyanda akaunganisha, akazungusha mkono. Kimya. Akafungua sanduku, akakaza, akazungusha. Kimya. Alipanda nguzoni, akashuka, akaenda mwenyewe kwa Mama Ande kujaribu, ya kwake ikaita vizuri. Jua la mwezi wa kumi lilikuwa linapiga bati. Mwisho alitoka nje akapiga magoti mahali alipokuwa amechimbia chuma cha ardhini, akachukua konzi ya udongo, akaupuliza ukaruka kama unga.

“Ardhi yako imekufa kwa kiu,” alisema. “Waya ni mmoja, baba. Sauti inakwenda kwa waya na kurudi kwa udongo. Mvua haikunyesha mwaka huu, sasa itarudi na nini? Lete maji. Tia na chumvi.”

Maji yenyewe yalikuwa ya foleni bombani. Kalinga alisimama kwenye mstari na wanawake, akarudi na ndoo, akatia konzi mbili za chumvi, akawa anamwagia kile chuma kidogo kidogo. Mama Ande alikuwa anapita kutoka sokoni.

“Baba Lusia, unamwagilia chuma?” alisema. “Ukivuna, mbegu nitunzie.”

Wanawake wa foleni walicheka, na Kalinga akaendelea kumwaga, masikio yamemchemka. Ndani, Nyanda alizungusha mkono. Halafu akamwita kwa kidole, akampa mkonga.

“Namba ngapi?” ilisema sauti ya mwanamke sikioni, karibu kabisa.

Kalinga alisimama wima kwa adabu. “Hapana, mama. Nilikuwa nasikiliza tu.”

“Hapa si redio, mzee,” opereta akajibu, akakata.

Kabla ya kuondoka, na ubao wa kichwani umefungwa juu ya baiskeli, Nyanda alimfundisha milio. Mmoja mrefu ni nyumbani kwa Mwenyekiti. Miwili mirefu ni ofisi ya tawi. Miwili mifupi na mmoja mrefu ni wa Kalinga. Yote italia nyumba zote tatu, kwa sababu waya ni mmoja.

“Mlio usio wako usiinue,” alisema. “Kila mkonga ukiinuliwa unakula sauti ya wengine. Watu watajua.”

*

Kalinga alimtumia Lusia barua kwa dereva wa basi, akaueleza mlio wake kwa vistari: vifupi viwili, kirefu kimoja. Jumamosi alimwaga ndoo nzima pale nje tangu asubuhi. Alinyoa ndevu. Saa saba na nusu alivaa viatu, akaketi nyumbani kwake.

Saa nane kengele ililia mlio mmoja mrefu.

Alitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara, Joachim alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi, anaelekea kwenye ngazi zake za ofisi. Basi ni Lusia. Barua ilikuwa imemfika, maana dereva alithibitisha, na bado alikuwa amepiga kule kwanza. Kalinga aliiangalia simu yake, sanduku la mninga alilolipaka vanishi mara tatu. Akakumbuka maneno ya Nyanda. Kisha akainua mkonga, akaziba mdomo wake kwa kiganja.

“... namwogopa baba,” Lusia alikuwa anasema. “Ataona kama nimemwibia.”

“Utamwogopa mpaka lini? Ande ameshaniandikia mara mbili, anataka wazee waende kwenu kabla ya Krismasi.”

Ande huyo, Andendekisye, alikuwa mtoto wa Joachim, mwalimu wa shule huko Iringa.

“Mwanangu, mimi nakaa na baba yako kila Jumamosi,” Mama Ande aliendelea. “Namwona usoni. Tangu nimweleze mzee wangu habari zenu, mzee hawezi tena kukusikia, ndiyo mila yetu, mkwe na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Lakini baba yako Mhehe, atajuaje? Anadhani tunamdharau. Nataka kumwambia, nakumbuka ulinikataza.”

“Mzee anaona uchungu?”

“Nani, wangu? Jana kaniuliza kama ulishapona kikohozi. Anauliza kama mwizi.”

Lusia alicheka kidogo, na kicheko kikageuka. Kalinga alimsikia akivuta makamasi, maili mia mbili na zaidi kutoka pale, na alibana mkonga sikioni mpaka sikio likauma.

“Mama, sauti imeshuka,” Lusia alisema ghafla.

“Kuna mtu ameinua.” Mama Ande akasikiliza. “Atakuwa mkweo, kule ofisini. Amechukua bila kujua.”

Hapohapo Lusia akanyamaza.

Hakuaga, hakukohoa. Alinyamaza kama mtu aliyejifunika khanga kichwani akapiga magoti kando ya njia. Kalinga alimlea mtoto yule miaka ishirini na minne. Alimgombeza, alimchapa, alimsihi, na hata siku moja hakuwahi kunyamaziwa namna ile. Heshima yote hiyo ilikuwa inakwenda kwa mtu aliyekaa nje kwenye ngazi, asiyejua kwamba amepewa. Angeweza kusema: ni mimi. Lakini kusema ni mimi ilikuwa kusema pia kwamba baba yako anasikiliza milangoni.

“Mzee, weka chini,” Mama Ande alisema kwa upole, sauti ambayo Kalinga hakuwahi kuisikia kwake. “Ni mkweo aliye kwenye waya.”

Kalinga akaweka chini, polepole. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa Mwenyekiti, na alitii.

Alikaa akiitazama mikono yake. Baada ya muda kengele ililia tena: mfupi, mfupi, mrefu. Aliiacha irudie, asionekane alikuwa ameikalia.

“Kamwene, baba.”

“Kamwene, mwanangu.”

“Imeshika! Nakusikia kama uko hapa.” Halafu akasema haraka haraka, “Nimekupigia wewe kwanza leo. Nina neno, baba. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.”

Kalinga alitazama dirishani. Mlio wake ulikuwa umelia nyumba zote tatu, na Joachim alikuwa ameusikia kule kwenye ngazi, nyuma yake mlango wa ofisi na kofuli lake. Alikuwa amegeuza kichwa kuutazama waya unaovuka barabara. Funguo zilikuwa mfukoni mwake, mihuri ilikuwa yake, chama kilikuwa chake, na mtoto wa kiume aliyemchukua Lusia alikuwa wake. Lakini vile vicheko vya Jumamosi na Lusia vilikuwa vimekwisha. Asingemsikia tena, labda mpaka afe. Akabaki pale anazungusha kofia magotini. Sauti sikioni mwa Kalinga ilikuwa nzima, haikupungua hata chembe. Hakuna aliyekuwa ameinua.

“Sema, mwanangu,” alisema. “Sema polepole. Tuko wawili tu.”

“Nimepata mchumba, baba. Ni Ande.”

“Ande?” Kalinga akavuta kiti chenye mgongo, akaegemea, akanyoosha miguu yenye viatu. “Ande yupi?”

Naye Lusia akaanza kumweleza, tangu mwanzo.